Ng'ombe Wakifa, Mke Huwa Nani?

Mtu akisimama katika soko la mifugo mjini Isiolo na kuuliza fulani ana wake wangapi, atajibiwa papo hapo na yeyote wa ukoo wake, na pengine ataelezwa hata rangi ya dume lililochinjwa siku ya harusi. Lakini swali lilo hilo likifikishwa mahakamani baada ya mwenye wake hao kufariki, jibu laweza kuchukua miaka. Na mwisho wa miaka hiyo, mwanamke aliyezaa watoto sita na kukama ng'ombe wa boma lile muda wote wa ujana wake huenda akaambiwa kuwa hakuwa mke wa mtu.

Ubishi kuhusu ndoa za kimila si jambo geni katika mahakama zetu. Lililo geni, ambalo nahisi halijapewa uzito unaostahili na mawakili wa Nairobi wala na sisi walimu tunaofundisha vijana habari za katiba na sheria, ni kwamba katika nchi ya wafugaji ndoa ya mila si tukio la siku moja. Ni safari ndefu yenye vituo vingi, na safari hiyo hukatizwa na ukame. Sheria, kwa upande wake, inauliza tarehe.

Tuanze na wakoloni, maana ndio waliotuachia mzizi wa fitina hii. Mwaka 1917, katika kesi ya jinai iliyomhusu mwanamume aliyeitwa Amkeyo, shahidi aliyetegemewa na serikali alikuwa mwanamke ambaye mshtakiwa alimwoa kwa desturi za Kiafrika. Sheria ya Kiingereza ilimkinga mke asilazimishwe kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Jaji Mkuu Hamilton akaamua kwamba kinga hiyo haikumhusu mama huyo, kwa kuwa uhusiano wake na mshtakiwa haukustahili kuitwa ndoa. Kwa maoni yake, ulikaribia zaidi kuwa ununuzi wa mke. Kwa kauli hiyo moja, mamilioni ya wazee wetu waligeuzwa kuwa watu walioishi pamoja bila ndoa. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1963 iliifuta kauli hiyo kuhusu jambo la ushahidi, lakini harufu yake haikutoka upesi katika kuta za mahakama.

Kenya ilipopata uhuru iliunda tume ya kuchunguza sheria za ndoa na talaka, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 1968. Mswada uliotokana na taarifa hiyo ulikataliwa na Bunge katika miaka ya sabini, si mara moja. Ilibidi kungojea Katiba ya 2010, ambayo Ibara yake ya 45 inaliagiza Bunge kutunga sheria ya kutambua ndoa zilizofungwa kwa mila yoyote, mradi ziwiane na Katiba yenyewe. Kisha Sheria ya Ndoa, iliyoanza kutumika tarehe 20 Mei 2014. Sheria hiyo inataja aina tano za ndoa: ya Kikristo, ya serikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Zote ni sawa mbele ya sheria. Waliochukizwa na Hamilton wangekuwa na haki ya kusherehekea.

Hata hivyo, hebu tuisome sheria yenyewe. Inasema ndoa ya mila itafungwa kwa kufuata desturi za jamii ya mmoja wa wanandoa au za wote wawili. Inasema pia kwamba pale ambapo mila inadai mahari, malipo ya sehemu ndogo tu, ya ishara, yanatosha kuithibitisha ndoa. Hadi hapo hakuna neno la kulalamikia; bali ni hekima tupu. Tatizo linaanza katika vifungu vinavyofuata. Wanandoa wanatakiwa kumwarifu Msajili katika muda wa miezi mitatu baada ya kukamilika kwa sherehe au hatua zinazohitajika, kisha wafike mbele ya ofisa wa usajili wao wenyewe, katika muda wa miezi sita, wapewe cheti. Arifa hiyo ni lazima itaje mila iliyofuatwa, na iwe na sahihi au alama za mashahidi wawili watu wazima ambao kila mmoja wao alitekeleza jukumu muhimu la kimila katika harusi.

Waliooana kabla ya sheria hiyo walipewa miaka mitatu kujiandikisha, ingawa Waziri ana uwezo wa kuongeza muda. Miaka hiyo mitatu ilimalizika Mei 2017. Usajili wa ndoa za mila wenyewe ulianza Agosti 2017, kanuni zake zilipokuwa tayari. Yaani mlango ulifungwa kabla ya kufunguliwa! Sijui bibi wa Merti au wa Oldonyiro angeambiwa alichelewa vipi.

Basi neno zito katika sheria hii ni "kukamilika". Ndoa hukamilika lini?

Kaunti ya Isiolo ni mahali pazuri mno pa kuuliza swali hilo, kwa sababu ni njia panda ya mila. Kuna Waborana wa Waso, wanaoishi kandokando ya mto Ewaso Nyiro kuanzia Merti hadi Garba Tulla. Kuna Waturkana wa Ngaremara na wa vitongoji vya mji. Kuna Wasamburu wa upande wa Oldonyiro. Kuna Wameru walioteremka kutoka milimani, na Wasomali ambao baba zao wa Isaaq na Harti walikaa hapa baada ya kuwatumikia Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Kaunti nzima ilikuwa na watu 268,002 katika sensa ya 2019, idadi ambayo mtaa mmoja mkubwa wa Nairobi waweza kuifikia. Lakini ukiuliza harusi huisha lini, utapata majibu mengi kuliko Nairobi nzima.

Mborana huanza kwa tumbaku na kahawa. Jamaa za kijana huwapelekea jamaa za msichana vitu hivyo, si mara moja, na kupokelewa au kukataliwa kwa tumbaku ndiko hueleza mengi kuliko maneno. Mahari ya Kiborana si ya kufilisi watu. Uzito wa ndoa yao ya asili haukuwa katika wingi wa ng'ombe bali katika kutovunjika kwake: mwanamke aliyeolewa aliendelea kuwa mke wa mume yule hata baada ya mume kufa, na watoto aliowazaa baadaye waliitwa kwa jina la marehemu. Mtaalamu wa Kiswidi, Gudrun Dahl, aliyeishi na Waborana wa Waso katika miaka ya sabini na kuandika habari zao katika kitabu kilichochapishwa 1979, alikuta jamii iliyokwisha kuingia katika Uislamu, ambamo mila ya kale na sheria ya dini zilikuwa zikisukumana polepole.

Kwa Msamburu, asubuhi ya harusi huchinjwa dume la ng'ombe liitwalo rikoret, na likishachinjwa hakuna wa kusema harusi haikuwa. Huu ungekuwa ushahidi mzuri mahakamani, kama si kwamba asubuhi iyo hiyo, kwa desturi ya zamani, bibi harusi hutahiriwa. Tendo hilo ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 2011 inayopiga marufuku ukeketaji. Sasa fikiria, msomaji, hali ya familia inayotii sheria na kuacha tohara hiyo. Je, mzee atakayeitwa kutoa ushahidi miaka ishirini baadaye hatasema kwamba sherehe haikukamilika? Na familia ambayo haikutii, je, itathubutu kueleza harusi yote mbele ya hakimu? Mwanamke yule yule anabanwa pande zote mbili.

Mmeru ana hesabu inayojulikana: mtamba, fahali, kondoo dume, kondoo jike na chombo cha asali. Huyu sina wasiwasi naye sana. Mahari yake ni ya vitu vya kuhesabika, na aghalabu siku hizi huwa pia amepitia kanisani.

Mturkana ndiye hasa aliyenifanya nichukue kalamu. Mahari ya Kiturkana ni kubwa. Mwanaanthropolojia Gulliver, aliyewachunguza Waturkana na kuandika juu ya mifugo ya familia zao mwaka 1955, alionyesha jinsi mume anavyokusanya wanyama kutoka kwa baba, ndugu, wajomba na marafiki, na jinsi wanyama hao wanavyosambaa tena miongoni mwa jamaa za mke. Harusi yenyewe, akuuta, ambayo kilele chake ni kuchinjwa kwa dume la ng'ombe, hufanyika baada ya mifugo kukubaliwa. Kabla ya hapo, mwanamume na mwanamke wanaweza kuwa wamekaa pamoja miaka mingi na kupata watoto. Kwa mila, watoto hao huhesabiwa kuwa wa ukoo wa babu yao mzaa mama, mpaka mifugo itolewe. Hakuna anayewadharau. Jirani humwita mama huyo mke wa fulani, na fulani humwita baba mkwe kwa heshima zote. Ni ndoa iliyo njiani.

Sasa njia hiyo ikikatwa na ukame itakuwaje? Kati ya mwishoni mwa 2020 na mapema 2023, misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo katika kaskazini ya nchi yetu. Mifugo ilikufa kwa wingi usioelezeka; mizoga ilizagaa barabarani. Wazee wa Waso walikuwa wameona janga jingine kabla ya hilo, wakati wa vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, Waborana walipokusanywa vijijini na mifugo yao ikateketea. Mwenye ng'ombe arobaini wa mahari leo, kesho hana hata mbuzi wa kumkaribisha mgeni. Hakuna mkwe mwenye akili atakayemdai mifugo wakati kama huo. Humwambia: ngoja mvua. Na katika kungoja mvua mtu hufa.

Tuseme ni mwanamke Mturkana wa Ngaremara, aliyeishi na mumewe tangu 2009. Mbuzi kumi walitolewa mwanzoni, na ng'ombe watatu miaka minne baadaye. Akuuta ilipangwa kufanywa baada ya masika ya 2021, masika ambayo hayakuja. Mume akafariki 2022. Ndugu za marehemu wanakwenda kuomba usimamizi wa mirathi, wanaandika kwamba marehemu hakuwa na mke. Wanasema kweli? Kwa kipimo cha akuuta, ndiyo. Kwa kipimo cha kifungu kinachosema mahari ya ishara yatosha, sivyo. Lakini kifungu hicho kinahusu mahari, na ndugu hao wanaye wakili atakayesema: sikatai mbuzi walitolewa, ila sherehe yenyewe haikufanyika, na sheria inataka ndoa ifungwe kwa kufuata mila.

Na mila hiyo atakayeithibitisha ni nani? Tangu kesi ya Kimani dhidi ya Gikanga ya mwaka 1965, kanuni ni kwamba anayeitegemea mila mahakamani ndiye mwenye mzigo wa kuithibitisha kwa ushahidi, kama mtu anavyothibitisha tukio lolote. Mjane huyu basi itampasa kutafuta wazee walioijua harusi. Wazee walioijua harusi ni akina nani? Ni baba na ndugu za mume, waliosuka kamba za kufungia mbuzi wale kumi. Hao hao ndio wanaogombania mifugo naye. Hata mashahidi wawili wanaotakiwa na sheria ya 2014, waliotekeleza jukumu muhimu la kimila, mara nyingi watakuwa watu wa aina hiyo. Sheria imemwambia mjane akamwombe ushahidi mtu anayefaidika kwa kunyamaza.

Uzito wa jambo hili katika Isiolo unazidishwa na kifungu kimoja ambacho wanafunzi wachache wamewahi kukisikia. Sheria ya Mirathi, iliyoanza kutumika Julai 1981, inagawa mali ya marehemu asiyeacha wasia kwa kanuni zinazofanana nchi nzima. Lakini kifungu chake cha 32 kinaondoa ardhi ya kilimo na mifugo katika wilaya zilizoorodheshwa, na kifungu cha 33 kinasema mali hizo zitafuata sheria au desturi ya jamii ya marehemu. Wilaya hizo ni kumi na mbili: Turkana, Pokot Magharibi, Samburu, Marsabit, Isiolo, Mandera, Wajir, Garissa, Tana River, Lamu, Kajiado na Narok. Nchi ya wafugaji karibu yote! Kwa hiyo mjane wa Nyeri akithibitisha ndoa yake anaingia katika kanuni za Bunge. Mjane wa Isiolo, ambaye mali yote ya marehemu ni mifugo, akishathibitisha ndoa kwa mila anarudishwa tena kwa mila kwa ajili ya mgawo. Mila inamsubiri mlangoni wakati wa kuingia na wakati wa kutoka.

Si kwamba mlango huo hauwezi kusukumwa. Mwaka 2008, katika mirathi ya marehemu Lerionka ole Ntutu wa Narok, wana wa kiume walidai kwamba chini ya vifungu hivyo viwili mabinti hawana fungu, kwa kuwa mila ya Kimaasai haiwapi. Jaji Kalpana Rawal alikataa hoja hiyo na kuwapa mabinti haki yao. Miaka mitatu kabla yake, katika kesi ya Rono, Mahakama ya Rufani ilikuwa imekwisha kusema kwamba mila haiwezi kumbagua binti katika urithi. Na Katiba ya 2010 imeliweka wazi: mila inayopingana nayo ni batili, na wanandoa wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, ndani ya ndoa na ndoa inapovunjika. Lakini angalia neno "wanandoa". Binti wa ole Ntutu hakuhitaji kuthibitisha kwamba yeye ni binti. Mjane hana budi kuthibitisha kwanza kwamba ni mke, ndipo usawa wote huo umfae. Mwaka 2021 Bunge lilizidi kukaza fundo lilipoeleza katika Sheria ya Mirathi kwamba mwenzi wa ndoa ni mume, au mke au wake, wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Ndoa.

Zamani kulikuwa na kimbilio. Mwaka 1976, katika kesi ya Hortensiah Wanjiku Yawe, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilimkuta mwanamke aliyeishi kwa miaka mingi na rubani mmoja kutoka Uganda, akamzalia watoto wanne, na ambaye ushahidi wa harusi yake ya kimila ulikuwa na kasoro. Majaji walisema kuishi pamoja kwa muda mrefu, huku watu wakiwajua kuwa mume na mke, kunaifanya mahakama idhanie kuwa ndoa ipo mpaka ithibitishwe vingine. Dhana hiyo ya ndoa iliwaokoa wengi kwa zaidi ya miaka arobaini.

Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Upeo iliibana. Ilisema dhana hiyo itumike kwa nadra, kwa kuwa siku hizi watu huamua wenyewe kuishi pamoja bila kutaka ndoa; na ikaorodhesha masharti: wawe wameishi pamoja muda mrefu, wawe na uwezo wa kisheria wa kuoana, wawe walikusudia na kukubali kuoana, wawe walijitambulisha kwa watu kama mume na mke. Mzigo wa kuthibitisha ni wa anayedai. Kwa Nairobi, nadhani majaji waliona mbali. Kesi iliyokuwa mbele yao ilihusu nyumba ya Dagoretti na mwanamke ambaye, ilibainika, alikuwa bado katika ndoa na mwanamume mwingine. Lakini wasiwasi wao juu ya vijana wa mjini wanaochangia kodi ya nyumba hauna uhusiano na boma la Ngaremara. Mwanamke wa pale hakuchagua kuishi bila ndoa. Alichagua ndoa, ikaanza, ukoo wake ukapokea mbuzi. Kilichokosekana ni mvua.

Wengine watasema: si waende kwa Kadhi? Isiolo ina mahakama ya Kadhi, na kwa Waborana na Wasomali walio Waislamu njia hiyo ni nyofu. Nikaha ni mkataba wa siku moja, una mashahidi wake na mahari yake hata kama ni ya kuahidiwa, na mjane mwenye watoto anajua fungu lake ni thumuni, agawane na wake wenzake wakiwapo. Tangu 1990 Sheria ya Mirathi imeiacha mali ya Mwislamu ifuate sheria ya dini yake. Ni ajabu kidogo kwamba katika kaunti moja, mwanamke mmoja huwa mke kwa adhuhuri moja na jirani yake huhitaji miaka kumi na tano. Hata hivyo mamlaka ya Kadhi, kwa Ibara ya 170 ya Katiba, yanawahusu wale tu ambao wote ni Waislamu na wamekubali kufika mbele yake. Mturkana Mkristo hana la kufanya huko, wala mwanamke aliyeishi na Mwislamu bila yeye mwenyewe kusilimu.

Majirani zetu wamelitatua jambo hili kwa namna zao. Tanzania, katika Sheria ya Ndoa ya 1971, iliandika dhana ya ndoa ndani ya sheria yenyewe: walioishi pamoja miaka miwili au zaidi wakajulikana kuwa mume na mke hudhaniwa kuwa wameoana. Afrika Kusini imefika karibu zaidi na shida yetu. Sheria yake ya 1998 ya kutambua ndoa za mila inasema waziwazi kwamba kutosajiliwa hakuibatilishi ndoa. Na mwanamuziki mashuhuri Jabulani Tsambo alipofariki 2018, familia yake ilidai kwamba mwanamke aliyejiita mjane wake hakuwa mke, kwa kuwa hakukabidhiwa rasmi kwa ukoo wa mume ingawa mazungumzo ya mahari yalifanyika na sehemu yake kulipwa. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Rufani ya huko ilikataa dai hilo. Ilisema kukabidhiwa bibi harusi ni desturi muhimu, lakini si nguzo ambayo ikikosekana ndoa nzima inaanguka. Mila ni kitu kinachoishi, na wenye mila wenyewe hupunguza au kuahirisha sherehe zao kwa kadiri ya hali. Hivyo ndivyo ningependa majaji wetu wamsikilize mjane wa Ngaremara.

Ipo hoja ya upande wa pili, nayo si ya kupuuzwa. Ikiwa kila mbuzi aliyepokelewa ni ndoa, basi baba yeyote mwenye tamaa anaweza kumwoza binti yake kwa mbuzi mmoja bila yeye kujua. Tena, mbuzi wana maana nyingi. Kwa Waturkana, kijana aliyempa msichana mimba hutozwa mifugo kama fidia kwa baba yake, na malipo hayo si mahari wala si mwanzo wa ndoa. Hakimu asiyejua tofauti hiyo anaweza kumgeuza kijana kuwa mume kwa faini aliyolipa. Vilevile sheria inataka wanaooana wawe wametimiza miaka 18, na ni haki kabisa. Mahakama isije ikabariki ndoa za watoto kwa jina la kuheshimu mila.

Lakini hoja hiyo inadai hakimu aijue mila zaidi, si kwamba aitazame sherehe ya mwisho peke yake. Maswali ya kuuliza yapo na yanajibika. Mifugo ile ilitolewa kwa jina gani, la fidia au la uposaji? Jamaa za mume walikwenda wangapi, na nani alisema kwa niaba yao? Mwanamke alijengewa nyumba katika boma la nani, na aling'ara kwa shanga za mke au za msichana? Watoto waliitwa majina ya ukoo upi? Wakwe walisaidiana katika msiba? Mwanamke mwenyewe alikubali? Haya hayajulikani na ndugu za marehemu peke yao. Yanajulikana na majirani, na wakunga, na wanawake wenzake waliojenga naye nyumba. Nashangaa kwamba katika kesi hizi wanawake huitwa mara chache sana kama mashahidi wa mila, kana kwamba harusi ilifanywa na wanaume watupu.

Jambo la pili ni la utawala zaidi kuliko sheria. Ndoa iliyo njiani yaweza kuandikwa ikiwa njiani. Hakuna kinachomzuia chifu kuweka daftari la mahari, akaandika siku mifugo ilipotolewa, mbele ya nani, na kwa kusudi gani, na wote wawili wakatia alama wakiwa hai. Karatasi hiyo haitakuwa cheti cha ndoa, lakini kwa mjane atakayesimama mahakamani Isiolo itakuwa na nguvu kuliko wazee kumi walionyamaza. Na maofisa wa usajili waende Merti, Garba Tulla na Oldonyiro siku za soko, badala ya kumngojea mchungaji afunge safari ya siku nzima hadi mjini, mara ya kwanza kwa arifa na mara ya pili kwa cheti. Sheria yenyewe imekubali alama mahali pa sahihi, maana yake walioitunga walijua kwamba watu watakaoitumia wengi wao hawakusoma.

Wakati huo huo kifungu cha 32 kingali pale, na orodha yake ya wilaya kumi na mbili za mwaka 1981, miaka mingi baada ya wilaya hizo kugeuka kaunti. Wabunge wa kaskazini wamekuwa wakisema mengi juu ya barabara na malisho. Orodha hiyo inahusu mifugo ya watu wao, na wanawake waliowapigia kura.